Majina ya Kireno, Vitabu vya Goa

Treni inapokaribia Kibera hupiga honi mapema. Wachuuzi waliotandaza bidhaa kando ya reli huzikunja, husubiri behewa la mwisho lipite, kisha hutandaza upya. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899 na kuligusa Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Vibarua walioitandika, zaidi ya 30,000, wengi wao walitoka Punjab. Lakini mtu aliyekaa nyuma ya dirisha la tiketi, au aliyeinamia daftari la mizigo na kalamu ya wino mkononi, mara nyingi hakuwa Mpunjabi wala Mwingereza. Alikuwa Mkatoliki kutoka Goa, pwani ya magharibi ya Bara Hindi, na jina lake lilikuwa de Souza, Fernandes, Pinto, Rodrigues au D'Mello.

Wajukuu na vitukuu wa makarani hao wametawanyika leo: Nairobi na Mombasa, Toronto, London, Swindon, Lisbon. Wengi wao wanatafuta kitu kimoja, nacho ni ukurasa wa kitabu unaosema babu alizaliwa kijiji gani, wazazi wake walikuwa nani, na ilikuwaje Mhindi akaitwa kwa jina la Mreno. Baadhi huanza msako wakiwa na hakika kwamba mwishoni watamkuta baharia kutoka Lisbon, mwenye ndevu na upanga, aliyeshuka melini akaoa mwenyeji.

Dhana hiyo haikutoka hewani. Wareno walikuwa katika pwani hii kabla ya Mwingereza yeyote. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi Aprili 1498. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1593, na kwa zaidi ya miaka 100 makapteni, mapadri, wafanyabiashara na askari wa Kireno waliishi kwenye kisiwa hicho pamoja na wake na watoto wao. Walituachia maneno: meza, leso, karata na bendera. Walituachia hata gereza, neno ambalo asili yake ya Kireno humaanisha kanisa.

Tena kuna kitabu kinachowataja kwa majina, na kuwepo kwake kulitokana na msiba. Mwanamfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 alirudishwa kutawala kwao. Agosti 1631 alimuua kapteni wa Kireno ndani ya ngome, akarejea kwenye Uislamu, na Wareno wa Mombasa wakauawa karibu wote pamoja na Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha dini yao. Baada ya hapo Kanisa lilikusanya ushahidi wa kiapo huko Goa, likitaka waliokufa watambuliwe kuwa mashahidi wa imani. Ndiyo maana tunajua leo ni nani alikuwa mume wa nani, na nani alikufa pamoja na watoto wake. Ni rejista ya familia iliyoandikwa baada ya familia zenyewe kufutika. Waliokuja baada yao walitolewa na Waomani mwaka 1698, baada ya ngome kuzingirwa karibu miaka mitatu. Wakarudi kwa muda mfupi mwaka 1728, na mwaka uliofuata wakatoka tena.

Kwa hiyo anayebeba jina la Kireno Nairobi asimtafute babu yake Ngome ya Yesu. Njia yake inapita ng'ambo ya bahari.

Afonso de Albuquerque aliiteka Goa mwaka 1510. Ni kweli kwamba aliwahimiza askari wake waoe wanawake wa huko, na wapo Wagoa wachache ambao ukoo wao unafika kwenye ndoa za namna hiyo. Wengi hawamo katika hesabu hiyo. Majina yao yalikuja kwa maji ya ubatizo. Wafransisko walihubiri wilaya ya Bardez, Wajesuiti wakachukua Salcete, na mara nyingi kundi zima la wanakijiji lilibatizwa kwa siku moja. Jina jipya la ukoo lilitoka kwa padri aliyebatiza, au kwa mkubwa wa Kireno aliyesimamia ubatizo. Majirani wawili wasio na undugu wowote walitoka kanisani wakiwa wote Fernandes. Ndugu wa tumbo moja, wakibatizwa siku mbili tofauti, waliweza kutoka na majina mawili.

Hapa ndipo msako wa familia nyingi hugeuka, na hapa ndipo unapopata utamu wake. Mtu aliyetoka kumtafuta baharia humkuta mkulima wa mpunga ambaye wazee wake walikuwa na jina la Kikonkani, shamba la pamoja na sauti katika baraza la kijiji, miaka mingi kabla Mreno hajaiona Bahari ya Hindi. Wapo wanaovunjika moyo. Hawana sababu. Mkulima huyo ameandikwa vizuri kuliko mabaharia wengi.

Ameandikwa kwa sababu ya baraza lenyewe. Vijiji vya Goa viliendeshwa na ushirika wa koo zilizoanzisha kijiji, ulioitwa comunidade na Wareno. Ardhi ilikuwa mali ya ushirika, si ya mtu mmoja, na kila mwaka wanachama waligawana ziada ya mapato. Wareno hawakuuvunja mfumo huo; mwaka 1526 waliziandika kanuni zake kwenye hati ya serikali. Uanachama hurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kwa kuwa kuna fedha ndani yake, kila anayetaka kuandikwa sharti athibitishe yeye ni mtoto wa nani, na baba yake alikuwa mtoto wa nani. Karani wa Nairobi aliyekaa Afrika miaka 30 bila kuonekana kijijini angeweza bado kuwa na jina lake kwenye daftari la ushirika. Kasoro ya daftari hilo ni kubwa: halina mabinti.

Mabinti wamo kwenye vitabu vya kanisa. Mtoto alipobatizwa Goa, padri aliandika jina lake, tarehe, wazazi na wasimamizi, na katika vitabu vya karne ya 19 mara nyingi aliongeza mababu na mabibi wa pande zote mbili. Ukurasa mmoja wa namna hiyo hubeba vizazi vitatu. Uandikishaji wa serikali ulifuata mwaka 1914, Ureno ilipokuwa imekwisha kuwa jamhuri, na tangu hapo vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo vya Goa vikawa kazi ya msajili. Kwa vizazi vya kabla ya hapo, mtafutaji hurudi parokiani, au huenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya Panaji, ambayo chanzo chake ni mwaka 1595, mwanahistoria Diogo do Couto alipopewa kazi ya kutunza karatasi za dola ya Ureno upande wa mashariki.

Upo pia mkusanyo usiofikiriwa na wengi, nao ni hati za urithi. Sheria ya kiraia ya Ureno ya mwaka 1867 ilipelekwa Goa miaka michache baadaye, na katika mambo ya familia na urithi mizizi yake ingali hai hadi leo. Sheria hiyo haimruhusu mzazi kuwanyima watoto fungu lao, awe mwana au binti. Kwa hiyo mtu akifa, warithi wote sharti watajwe: aliyebaki kijijini, aliyeolewa Bombay, na yule aliye karani Nakuru au fundi cherehani Zanzibar. Hati iliyoandikwa ili kugawa nyumba ya matofali na minazi michache huwa leo ramani ya ukoo uliotapakaa mabara matatu.

Ugumu mkubwa ni kwamba kila kilango hufunguliwa na jina la kijiji. Bila kijiji, mtu ana Fernandes maelfu mbele yake. Na jina la kijiji hupatikana huku kwetu.

Linapatikana kwenye gazeti rasmi la serikali, ambalo limekuwa likichapwa tangu mwaka 1899. Wasomaji wengi hulifungua kutafuta matangazo ya ardhi na teuzi. Anayetafuta ukoo wake hutafuta orodha za watumishi wa umma, na matangazo ya mirathi ya watu waliofia Kenya wakiacha mali na warithi nje. Linapatikana kwenye vitabu vya ndoa vya parokia za Mombasa na Nairobi, padri alipojali kuandika bwana harusi alibatizwa wapi. Linapatikana kwenye madaftari ya vilabu, kwa sababu Wagoa hawakukaa mji wowote bila kuunda chama. Taasisi ya Wagoa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1905, mji ukiwa bado mabati na mahema. Baadaye wakubwa walikuwa na klabu yao, watumishi wa reli yao, mafundi cherehani yao. Ubaguzi wa tabaka uliovuka bahari pamoja nao uliwauma wengi, na haukuwa jambo la kujivunia. Lakini umemwachia mtafutaji dalili: klabu aliyoandikwa babu humweleza mjukuu kazi ya babu, na mara nyingi tabaka la nyumba yao kijijini. Hata Bombay, ambako abiria wa Afrika walingoja meli, vijiji vingi vya Goa vilikuwa na nyumba zao za kulala wageni, zenye sanamu ya mtakatifu wa kijiji na daftari la wanachama.

Dalili nyingine ilikuwa pasipoti. Goa haikuwa koloni la Uingereza, hivyo Mgoa aliyeshuka Mombasa alihesabiwa raia wa Ureno. Sensa za kikoloni za Kenya zilimwandika kwenye safu yake, mbali na Wahindi wengine, na kufikia mwaka 1948 safu hiyo ilikuwa na zaidi ya watu 7,000. Nairobi ilikuwa hata na naibu balozi mdogo wa Ureno ambaye mwenyewe alikuwa Mgoa: daktari Rosendo Ayres Ribeiro. Alifika mwaka 1900, akaanza kutibu watu hemani, na mitaani alionekana akimpanda pundamilia aliyemfuga. Mwaka 1902 ndiye aliyetambua kwamba ugonjwa ulioingia kwenye soko la Wahindi ulikuwa tauni. Maofisa wa serikali wakaagiza soko lichomwe moto. Shule iliyobeba jina lake ingali Parklands.

Ureno hiyo ya kwenye karatasi ilibadilika thamani kwa siku moja tu. Tarehe 19 Desemba 1961 majeshi ya India yaliichukua Goa, na utawala wa miaka 451 ukaisha. Wagoa wa Kenya walijikuta na pasipoti ya nchi isiyotawala tena kwao. Miezi 17 baadaye, Mei 1963, viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa, wakaunda umoja wao na kuzitaka nchi huru zikate uhusiano na Ureno kwa sababu ya Angola, Msumbiji na Guinea. Kenya ikapata uhuru Desemba mwaka huohuo, na waliokuwa nchini wakapewa miaka miwili ya kuomba uraia. Nyumbani mwa Wagoa suala hilo lilizungumzwa usiku kucha: baba achukue Kenya, mama abaki na India, mwana mkubwa ashike Uingereza? Baada ya sheria za mwaka 1967 za vibali vya kazi na leseni za biashara, wengi walifunga masanduku. Vitabu vya ubatizo vya Goa havikuhitajika tena kwa muda mrefu.

Kilichovirudisha mezani ni sheria ya Lisbon. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1974, Ureno iliitambua Goa kuwa sehemu ya India, lakini haikuwafutia uraia waliozaliwa humo kabla ya tarehe 19 Desemba 1961. Mtu huyo, au mtoto wake, au mjukuu wake, anaweza kupeleka cheti cha Goa kwenye msajili mkuu wa Lisbon ili kuzaliwa huko kuandikwe upya katika vitabu vya Ureno. Majina sharti yafanane. Aliyeandikwa Caetano Goa na Cajetan Mombasa lazima athibitishe kuwa ni mtu mmoja. Ndoa ya wazazi nayo iandikwe, na tarehe zisipishane. Kwa pasipoti hiyo maelfu ya Wagoa waliingia Uingereza kabla nchi hiyo haijatoka Umoja wa Ulaya Januari 2020, na Swindon ikawa na jamii yao kubwa.

Ifahamike vizuri nini kinathibitishwa hapo. Lisbon haiulizi damu. Inauliza kama babu alizaliwa chini ya bendera yake. Mjukuu anaweza kupata pasipoti ya Ureno bila kuwa na tone la Mreno ndani yake, na mwandishi huyu haoni aibu yoyote katika hilo: waliolitia jina hilo midomoni mwa wazee wake kwa karne nne wana deni nao.

Wapo walioiona bendera hiyo kwa jicho jingine. Pio Gama Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927, mtoto wa Mgoa mtumishi wa serikali, akapelekwa India kusoma. Huko aliingia katika harakati za kumtoa Mreno Goa, na mwaka 1949 alirudi Kenya akikimbia kukamatwa. Waingereza wakamtia kizuizini mwaka 1954 kwa kuwasaidia wapiganaji wa uhuru wa Kenya, na hakuwa huru hadi mwaka 1959. Aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi tarehe 24 Februari 1965, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Jina lake limebeba Gama na Pinto, na maisha yake yote aliyapigania mataifa mawili yasiyo Ureno.

Rafiki yake Joseph Murumbi ndiye anayeonyesha vizuri zaidi pale vitabu vinapoishia. Alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, akiitwa Joseph Zuzarte. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Kigoa; mama yake alikuwa Mmasai, binti wa laiboni, kiongozi wa ibada wa Kimasai. Upande wa Zuzarte unaweza kufuatwa kijijini hadi kanisani, ukurasa kwa ukurasa. Upande wa Murumbi uliishi katika vinywa vya watu: nani alimzaa nani, alikuwa wa rika gani, aliaga wakati wa ukame upi. Alipokuwa mtu mzima alichagua kuitwa kwa jina la upande wa mama, na kwa jina hilo akawa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha mwaka 1966 Makamu wa Rais. Maisha yake yote alikusanya karatasi. Makavazi ya Kitaifa, jengo la zamani la benki linalotazamana na sanamu ya Tom Mboya kwenye barabara ya Moi, yamehifadhi maelfu ya vitabu vyake, vikiwemo takriban 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900.

Pengo kama la upande wa mama yake Murumbi lipo pia kando ya reli tulikoanzia. Ukimweleza mkazi wa Kibera habari za kitabu chenye mababu wa vizazi vitatu kwenye ukurasa mmoja, utamgusa pabaya. Wanubi waliowekwa hapo mwaka 1904 walikuwa askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan, na msitu waliopewa waliuita kibra kwa lugha yao. Jeshi liliwapa pasi za shamba, na pasi hizo, zilizokunjwa ndani ya masanduku ya bati, ndizo zilizokuwa vitabu vya ubatizo vya familia zao. Miaka mingi baadaye mjukuu wa askari huyo, akienda kuchukua kitambulisho, alifikishwa mbele ya kamati ya uhakiki aeleze babu yake alitoka wapi. Machi 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi katika uandikishaji wa kuzaliwa na uraia. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288, kati ya zaidi ya ekari 4,000 za mwanzo.

Na katika Kongo, mtaa ulio ndani ya Kawangware, mambo si mepesi zaidi. Mzazi anayempeleka mtoto shule hudaiwa cheti cha kuzaliwa, lakini akiulizwa cheti cha mama yake mzazi hana. Hakukipoteza. Sheria ya uandikishaji wa vizazi na vifo ilipoanza Kenya mwaka 1904 ilikuwa ya Wazungu. Miaka miwili baadaye ikawafikia Waasia. Mwafrika alianza kuandikwa kwa lazima mwaka 1963 katika maeneo machache, na nchi nzima haikufikiwa hadi mwaka 1971. Karani wa Kigoa aliyeandika mizigo ya wengine alikuwa mwenyewe ameandikwa. Aliyebeba mizigo hiyo hakuandikwa, na pengo hilo ni kazi ya sheria, si uzembe wa nyumba yoyote.

Murumbi alifariki Juni 1990. Alikuwa ameomba azikwe karibu na Pinto, na wote wawili wamelala City Park, Parklands. Makaburini humo mna mawe yenye majina ya Kireno ambayo herufi zake zinafifia kila msimu wa mvua, na mengine yana jina la kijiji cha Goa chini ya jina la marehemu. Mwenye simu yenye kamera aende akayapige picha. Na mwenye mzee nyumbani, awe Mgoa, Mnubi, Mluhya au Mkikuyu, amketishe jioni hii, amuulize jina la mama wa mama yake na mahali alipozaliwa, aandike tarehe, aweke.